Chapa za Kijiko cha Bibi

Ukoo wetu una wataalamu wengi. Yupo anayejua mvua itanyesha lini, na mvua haijawahi kumsikiliza. Yupo anayejua dawa ya kila ugonjwa isipokuwa wa kwake. Lakini bingwa wao ni babu mdogo, mdogo wake marehemu babu yangu, mfugaji wa Bukundi aliyesoma hadi darasa la nne na ambaye tangu hapo hakuona sababu ya kujisumbua na elimu zaidi. Yeye ndiye aliyesoma kijiko cha bibi. Alikisoma mara moja tu, akiwa kijana, akatoa hukumu, na hukumu hiyo ikageuka kichekesho cha familia kwa miaka zaidi ya arobaini.

Kijiko chenyewe ni cha fedha halisi, kirefu kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko changu, na mpini wake umepinda kidogo shingoni kama mtu anayesikiliza. Bibi hukitumia kuengulia samli. Alikipata kwa nesi mmoja wa Ayalandi aliyekuwa kwenye zahanati ya misheni, enzi bibi alipokuwa akifua mashuka ya wagonjwa. Siku ya kuondoka, anasema bibi, nesi alimwita barazani, akakitoa sandukuni, akakiviringisha kwenye taulo na kumwambia kuwa kilikuwa cha mama yake, sasa ni chake yeye. Walikuwa wawili tu pale barazani. Hilo ndilo kosa kubwa la bibi maishani: alipewa zawadi bila kuita mashahidi.

Babu mdogo alipokiona alikigeuza. Nyuma ya mpini kulikuwa na alama ndogo zilizopangwa kwa mstari, na babu ni mtu wa minada. Mnadani, chapa iliyochomwa kwenye paja la ng'ombe humtaja mwenye ng'ombe. Ikiwepo ya pili, humtaja aliyenunua. Ukifika na ng'ombe mwenye chapa isiyo yako na huna karatasi, utaombwa kwa adabu ukae chini umsubiri askari. Sasa kwenye kijiko babu aliona herufi mbili ndani ya kisanduku, na pembeni yake jina zima lililofutika nusu. Jina la nesi lilikuwa limepakwa rangi kwenye ubao wa zahanati. Babu alikwenda akalisoma, akalinganisha, akarudi. Herufi hazikuwa zake, kwa hiyo kijiko hakikuwa chake, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kumpa mtu. Hoja ilikuwa safi kiasi kwamba hakuna aliyeona tundu lake, nami nakiri kwamba niliisikia utotoni na sikuliona.

Hakusema kwamba bibi ni mwizi. Angesema hivyo pangeitishwa kikao, na kwenye kikao mtu hujibu. Alichagua njia salama zaidi. Kwetu shemeji ana ruhusa ya kumtania mke wa kaka yake na kumwita mkewe, na mke huyo hana ruhusa ya kununa. Kwa hiyo kila bibi alipoingia kwenye boma lake, babu alipaza sauti: "Jamani, fungeni makabati! Mke wangu amekuja!" Wote wakacheka. Bibi naye alicheka, kwa sababu desturi inamtaka acheke. Nimemwangalia akicheka hivyo tangu nikiwa mdogo. Anacheka kama anayemeza kidonge bila maji.

Mwaka huu mjukuu mmoja wa bibi, binti wa mama yangu mdogo, alipata mchumba, na harusi ikapangwa Bariadi mjini. Kwa taratibu zetu, bibi wa bibi harusi ndiye anayesimamia jiko siku hiyo. Yeye ndiye anayekaa na funguo za stoo, anayesema nyama ikatwe vipi, nani ale kwanza na nani asubiri. Ni cheo cha siku moja, lakini wapo wanawake waliokingoja maisha yao yote. Kikao cha familia kilipofika kwenye jambo la jiko, babu akakohoa.

"Jikoni tutakodi vyombo vya watu," akasema. "Sahani, masufuria, vijiko. Vijiko hasa. Mnamjua mke wangu."

Kikao kikavunjika mbavu. Kicheko kilipotulia, jiko lilikuwa limeshakabidhiwa shangazi mmoja kutoka Mwamanyili, mwanamke mwema ambaye huunguza hata chai. Mama yangu mdogo aliuliza kwa sauti ndogo kama ndiyo uamuzi, akaambiwa kikao cha mwisho ni baada ya majuma matatu, atakayekuwa na neno alilete.

Bibi alinikuta nje nikiangalia simu. Hakuwa akicheka.

"Wewe si ndiye unaandika vitabu?" akaniuliza.

"Kimoja, bibi. Cha pili bado."

"Hicho kimoja kinatosha. Herufi za kile kijiko ni za nani?"

"Sijui."

"Basi kajue. Nimezeeka, ng'wanawane, mwanangu. Sitaki kufa nikiwa mzaha."

Akakitoa kwenye mkoba, kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Akaniagiza nisikisugue.

Ningependa kusema kwamba nilikipokea kwa upendo wa mjukuu. Nilikipokea kwa tamaa ya mwandishi. Kitabu cha pili kilikuwa kimenikataa kwa mwaka mzima, na hiki hapa kisa kimejileta chenyewe kikiwa kimefungwa kanga. Jumapili nilikipeleka kwenye mkutano wetu wa waandishi, tulio saba mjini Bariadi na ambao hukutana kwenye mgahawa nyuma ya soko kuchambua fasihi hadi chapati ziishe. Miongoni mwa alama tuliona mwanamke ameketi. Mshairi wetu akatangaza kwamba huyo ni Afrika analia. Mwingine akasema hapana, huyo ni ubeberu umepumzika baada ya kazi. Mjadala ulikuwa wa kina mno. Hakuna aliyefikiria kutafuta kioo cha kukuza.

Kioo nilikipata Jumatatu kwa fundi saa mwenye meza chini ya baraza karibu na stendi. Ni mtu mfupi wa maneno, Mnyamwezi aliyekuja Bariadi kwa muda mfupi miaka mingi iliyopita. Aliweka lenzi jichoni, akakiangalia kijiko, akakipima kwa kidole.

"Nani kakwambia hii ni fedha?"

"Bibi."

"Bibi yako hajakosea. Wewe umeniletea nisome nini?"

"Hizo chapa."

"Mimi natengeneza saa, bwana mwandishi. Kusoma si kazi yenu?"

Hata hivyo alinisaidia kuliko wasomi wote saba. Aliwasha kibatari, akapitisha sehemu ya chapa juu ya moshi mpaka ikawa nyeusi, akabandika selotepu juu yake, akaibandua na kuigandamiza kwenye karatasi nyeupe. Zile alama zilizokuwa zikinikimbia kwenye mng'ao wa fedha zikatulia kwenye karatasi kama nyayo kwenye tope. Kulikuwa na kinubi chenye taji juu yake. Kulikuwa na yule mwanamke, ameketi, ameshika kitawi, na mkono mwingine ameuegemeza. Kulikuwa na kichwa cha mwanamume kinachotazama kulia, na herufi moja peke yake ndani ya ngao. Kisha zile herufi mbili zenye nukta katikati. Na mwisho lile jina ndani ya mstatili, herufi tatu za mwanzo na moja ya mwisho, katikati pamelika.

"Hapa hukupasugua wewe," alisema fundi saa akinirudishia. "Pamelika zamani. Walioshika hiki kijiko walikuwa wengi kabla ya bibi yako."

Siku mbili nilikaa na simu nikifanya kile ambacho watu wa kizazi changu hukiita utafiti. Kinubi chenye taji ni cha Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, kinasema fedha imepimwa na ni safi kwa kiwango kinachotakiwa. Yule mama aliyeketi, ambaye mshairi wetu alimfanya Afrika, ni Ayalandi yenyewe, imechorwa kama mwanamke. Kwanza aliwekwa kuonyesha kwamba ushuru umelipwa, kisha kazi hiyo akapewa mfalme, ndiyo maana kichwa chake kipo. Serikali ni zilezile. Ile herufi ya pekee ni ya mwaka. Kila mwaka una herufi yake, na alfabeti ikiisha wanaanza upya kwa mwandiko mwingine na ngao nyingine, ili watu kama mimi wapate kazi.

Likabaki lile jina. Nililikamilisha kwa kubahatisha herufi za katikati, nikaamua kwamba ndiye fundi. Usiku haukupita bila mimi kumwandikia sura nzima. Nilimpa ndevu, mke aliyefariki, na nyundo iliyolia kwa huzuni katika uchochoro wenye ukungu. Sijawahi kufika kwenye ukungu wa aina hiyo. Wa kwetu huja asubuhi za masika na kuondoka kabla ya chai. Sura ilikuwa nzuri sana. Kisha, kwa ajili ya kujiridhisha tu, nikatuma picha ya ile karatasi ya moshi kwenye ukurasa wa mtandaoni wa watu wanaokusanya vyombo vya fedha vya kale.

Nilijibiwa na mzee mmoja mstaafu wa huko huko Ayalandi, ambaye kwa jinsi alivyoandika alionekana kuwa alikuwa ameketi pale tangu ujana wake akimsubiri mtu akosee. Alinishukuru kwa picha. Akasema moshi na selotepu vimetumika vizuri, nimpongeze aliyefanya. Kisha akaniulia fundi wangu. Yule mwenye jina refu, akaandika, hakuwahi kushika nyundo. Alikuwa na duka. Maduka makubwa ya Dublin yaliagiza vijiko kwa mafundi wa vijiko, kisha yakagonga jina lao pembeni ya alama ya fundi, na mengine yaligonga juu yake kabisa mpaka ya fundi isionekane. Fundi ni yule wa herufi mbili na nukta. Watu humdhani mwenye duka kuwa ndiye fundi, akaongeza, kwa sababu jina lake ni kubwa zaidi.

Hilo nililielewa bila kamusi. Kwenye jalada la kitabu changu cha kwanza nembo ya mchapishaji inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na jina langu lataka lenzi ya fundi saa.

Nikamuuliza mzee: je, katika alama hizi zote, ipi ni ya mwenye kijiko? Jibu lilikuja fupi. Hakuna. Mwenye kijiko, kama alitaka, alichonga herufi zake upande wa mbele wa mpini, kwa mkono, siyo kwa muhuri. Nikakimbilia kijiko, nikakigeuza mbele. Palikuwa laini. Kama palikuwa na mchongo, mikono ya watu iliuchukua kidogo kidogo, pamoja na samli.

Nilikaa na kile kijiko kwenye mapaja, jua la saa kumi likiingia dirishani na kutua juu ya chapa zile moja baada ya nyingine. Aliyekitengeneza yupo. Aliyekiuza yupo, kwa sauti kubwa. Aliyekipima yupo, na mfalme aliyechukua chake yupo, na mwaka upo. Watu wote waliopata faida wamegonga muhuri. Aliyekitoa bure, akakiviringisha kwenye taulo kwenye baraza la zahanati, hana alama, kwa sababu hakuna mji wowote duniani uliowahi kufikiria kwamba jambo hilo linahitaji muhuri.

Nilifurahishwa sana na wazo hilo. Niliamua kuwasomea kikao.

Kikao cha mwisho kilikuwa Jumamosi mchana, kwenye boma la babu Bukundi. Nilifika na kijiko ndani ya kanga yake, na karatasi ya moshi nimeikunja kwenye bahasha. Babu alikuwa kwenye kigoda, bibi kwenye mkeka na wanawake wenzake.

"Mwadila, babu," nikamsalimu.

"Mwadila, ngosha. Umekuja na kitabu au na kijiko?"

"Na ushahidi."

"Ohoo! Mke wangu kaleta wakili!"

Wakacheka. Nikasimama, nikaeleza. Nilieleza kinubi, nikaeleza taji, nikaeleza mwanamke aliyeketi na tofauti kati ya fundi na mwenye duka. Nilitumia maneno kama "kwa muktadha huo". Wajomba wawili walianza kuangalia ng'ombe. Nilipofika kwenye wazo langu la aliyetoa bure kutokuwa na muhuri, mtoto wa mtu alianza kulia.

Babu alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima ya kuudhi.

"Umesema vizuri," akasema. "Sasa nijibu mimi nisiyesoma. Ng'ombe ana chapa mbili pajani. Ya kwanza ya nani?"

"Ya mwenye ng'ombe, lakini..."

"Ya pili?"

"Ya aliyenunua, lakini babu, hiki si..."

"Na nesi jina lake lilikuwepo?"

"Halikuwepo."

"Basi umesafiri kutoka Bariadi kuja kuniunga mkono. Wabeja sana, mjukuu wangu. Mpeni maziwa."

Nilikaa. Nilikuwa na Dublin nzima kwenye bahasha na nilikuwa nimeshindwa na paja la ng'ombe. Hapo ndipo bibi alipoinuka kwenye mkeka. Hakuja kwangu wala hakugusa kijiko. Alikwenda hadi ukutani, akachukua jembe la babu, akafuta udongo kwa pindo la kanga, akampelekea.

"Shemeji, wewe unajua kusoma. Hapa pameandikwa nini?"

Babu akalitazama jembe. Kwenye chuma palikuwa na maandishi yaliyogongwa, na picha ndogo ya mnyama.

"Ni jina la kiwanda."

"Jina lako liko wapi?"

"Jembe haliandikwi jina la mtu, mayu."

"Na hili ni la nani?"

"Ni langu! Nililinunua Mwanhuzi."

"Nani alikuona ukinunua?"

Babu akaligeuza jembe upande wa pili. Wale wajomba wawili waliacha kuangalia ng'ombe. Mke mkubwa wa babu, ambaye amecheka mzaha wa makabati tangu alipoolewa, akasema polepole kwamba na ile sufuria yake ina jina la kiwanda, na yeye si kiwanda.

"Shemeji," babu alisema mwishowe, "mimi nilikuwa nakutania tu."

"Najua. Nami nilicheka tu. Sasa nimechoka kucheka."

Babu alilishika lile jembe magotini, akipitisha kidole gumba kwenye maandishi ya kiwanda kama mtu anayetafuta kosa la uchapaji. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba jiko ni la mke wa kaka yake, kama ilivyo taratibu, na kwamba kwa kweli yeye siku zote alikuwa na wasiwasi na yule wa Mwamanyili kwenye mambo ya moto. Kabla ya jua kuzama alikuwa ameshawaeleza wageni wawili tofauti kati ya chapa ya fundi na chapa ya mwenye mali, kwa mfano wa jembe, kama jambo alilolivumbua akiwa darasa la nne.

Nilimsindikiza bibi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa mwepesi, nimejaa ushindi ambao haukuwa wangu. Nilimweleza tena habari za yule mzee wa Ayalandi, na jinsi nilivyoupata ukweli hatua kwa hatua.

"Ulihangaika sana," bibi alisema.

"Sana, bibi. Lakini sasa tumejua."

"Tumejua nini?"

"Kwamba hukuiba."

Akasimama. Njia ile ina vumbi laini, na viatu vyake vilizama humo kidogo.

"Mimi nilijua," akasema. "Tangu siku ile barazani. Nani mwingine amejua leo?"

Nikatazama vumbi kwenye viatu vyake.

"Nilipokupa kile kijiko, kabla ya moshi, kabla ya simu, moyoni ulisemaje? Usinidanganye. Wewe nimekubeba mgongoni."

Nilitafuta sentensi nzuri. Huwa ninazo. Niliona uso wake, nikaiacha.

"Nilisema labda," nikamwambia. "Labda uliokota. Labda nesi alisahau."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo aliitegemea, akaanza tena kutembea. Nyumbani alinikaribisha chakula, tukala, akanitandikia. Hakunikaripia, na ningefurahi sana kama angenikaripia.

Siku ya harusi alishuka Bariadi alfajiri na funguo za stoo zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga. Aliitawala ile nyama, ule mchele na wale wanawake kwa ukali ambao serikali nyingi zingeuonea wivu. Yule shangazi wa Mwamanyili alipewa kuosha karoti. Babu alipitisha kichwa jikoni mara moja, akaambiwa atoke, akatoka, na nilimwona akitabasamu kama mtu aliyetua mzigo.

Mimi nilifika mlangoni saa nne, nimekunja mikono ya shati, tayari kusaidia. Bibi alinitazama juu ya mvuke wa sufuria la pilau.

"Shikamoo, bibi. Nifanye nini?"

"Marahaba. Wewe kaa nje na wageni."

"Mimi si mgeni."

"Humu ndani leo nimeweka watu ambao sina wasiwasi nao," akasema. "Chakula utaletewa."

Nikaenda nikakaa kwenye viti vya plastiki, kati ya mwalimu mkuu mmoja na jamaa aliyekuwa akinieleza bei ya pamba. Nililetewa chakula mwisho kabisa, baada ya madereva na mpiga picha. Kilikuwa kitamu sana, na kilikuwa kimepoa.